Injini Iliyochemka Kabla ya Kuwashwa

Leo nimetumwa Tononoka kumpa Mzee Athumani, dereva wa tingatinga, barua ya kumfuta kazi.

Kosa: kuunguza injini. Fundi mkuu aliapa hivyo mbele ya bosi.

Nikamkuta fundi huyo kando ya tingatinga, na kompyuta yake ya kupimia injini.

Mzee akazungusha ufunguo bila kuwasha. Mshale wa joto ukaruka hadi nyekundu.

"Gusa injini, mwanangu. Haijawashwa tangu jana."

Baridi kabisa.

Akachomoa waya wa kipima joto. Mshale ukaanguka.

"Kipima joto ndicho kibovu."

Fundi akakohoa. "Nilijua tangu mwanzo."

Alijua! Wiki nzima na kompyuta, hakuwahi kuigusa injini kwa mkono.

"Nipe hiyo barua, bosi asijue," fundi akaninong'oneza.

Sijampa. Naogopa, lakini iko mkobani.

Nimrudishie bosi na kumwambia ukweli?