Mtoki Usio na Kidonda

Mume wangu alitokwa na doa jeusi kwenye kisigino mwaka uliofuata Uhuru. Tulikuwa Bunda, tunalima pamba. Alihangaika nalo kwa majani mpaka likapasuka likatoa damu, ndipo akakubali hospitali ya misheni. Wakalikata, wakambandika ngozi ya paja.

Daktari aliniambia mimi, maana mwenyewe alikuwa anatazama dirishani kama mguu si wake. "Mama, hii ni kansa ya ngozi. Ilikuwa nene, ilishachimba kidonda, na mmeiacha muda mrefu. Ikiwa hivyo inaweza kurudi hata miaka mingi ikipita, mguu wenyewe mzima. Mpapase kinenani. Ukikuta tezi, mlete."

Basi nikawa nampapasa kila mwezi unapoandama, akitoka kuoga. Alichoka upesi.

"Unanikaguaga kama ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe wa mnadani hawabishi. Simama."

Kurudi kwa daktari aliacha baada ya mavuno machache. Kisigino kimepona, anasema, nikatafute nini? Watoto wakakua, wa kwanza akaolewa. Nami nilichoka, lakini mkono haukuacha.

Likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa. Tukabomoa nyumba, tukabeba miti kichwani, tukapewa kiwanja kwenye mstari, jua kali, hata kichaka hakuna. Paa lilikuwa limefika nusu na mvua inanukia nilipoikuta tezi kinenani mwake. Ngumu kama harage, na haiumi.

"Mtoki huo," akasema. "Miiba imenichoma nikikata miti."

Nani asiyejua mtoki? Ukijeruhiwa mguuni, kinena kinavimba. Nikamkalisha mlangoni, nikauinua mguu juani, nikatafuta kidole kwa kidole. Hakuna mwiba. Hakuna hata mchubuko.

Mdogo wake alikuwa juu anaezeka, akacheka. "Shemeji, mwache amalize nyumba. Mtoki unakandwaga na maji moto, basi."

"Nionyeshe kidonda, nami nitachemsha maji."

Mume wangu akautazama ule mguu, kisha akasema atakwenda paa likiisha. Nikaenda nikakalia mafungu ya nyasi za kuezekea. Nikawaambia hakuna unyasi utakaopanda juu mpaka huyu apande lori.

Asubuhi tulipanda lori la pamba hadi Musoma. Wakampasua, wakatoa walichoweza. Kansa nyingine ilishapanda tumboni, hawakuigusa.

Wakati wa kurudi, lori lilisimama njia panda ya Butiama kushusha magunia. Tukakaa kwenye kivuli chake, yeye ameshika ubavu.

"Paa litakuwaje?" akauliza.

"Litaezekwa."

"Na nani?"

Mdogo wake alikuwa ameshaitwa shamba la kijiji, na mvua haingoji mtu. Kwetu mwanamke hapandi paa mume wake akiwa hai. Majirani walisimama kutazama, wengine wakasema namwombea kifo. Nilipanda hivyo hivyo. Yeye alikaa chini kwenye kigoda, fimbo mkononi, ananielekeza.

"Hapo pembeni patavuja, mama watoto."

"Napaona. Nyamaza upumzike."

Hakunyamaza. Alinielekeza mpaka jua likazama, na mimi nikaezeka mpaka nikamaliza.

Mvua za mwaka ule zilimkuta ndani, hakudondokewa hata na tone. Za mwaka uliofuata hakuziona.