Sweta Nyekundu, Siku ya Mvua

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Nyaramba, hakuna aliyevaa nguo nyekundu mvua ikishaanza kunguruma. Radi, walisema wazee, ina jicho, na jicho hilo linapenda nyekundu kama ng'ombe anavyopenda chumvi. Wingu likijikusanya, kitambaa chekundu kilitoka kichwani na blanketi nyekundu ikaanuliwa mbio. Hata jogoo mwekundu alifungiwa jikoni.

Nyanya yangu, ambaye tulimwita Magokoro kama watoto wote wa Kisii wanavyowaita nyanya zao, alikuwa na sababu yake. Babu alipigwa na radi akiwa juu ya kilima na ng'ombe, amejifunika blanketi nyekundu. Blanketi ilishtakiwa. Kilima hakuna aliyekishtaki.

Basi mwaka huo shule yetu ikaamua tuvae sweta, na sweta ikawa nyekundu. Mwalimu mkuu alitusimamisha paredi akatuambia nyekundu ni rangi ya ushujaa. Baba yangu, aliyekwenda mjini kuzinunua, alisema Mhindi wa duka la sare alikuwa na marobota ya nyekundu yaliyokosa mnunuzi. Ushujaa wetu ulitoka huko.

Nilikuwa nalala kwa Magokoro pamoja na Kerubo, binti wa baba yangu mkubwa. Tulikuwa darasa moja. Kerubo alikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Mimi niliambiwa kila siku.

Magokoro alizitazama zile sweta mbili kama mtu aliyeletewa nyoka wawili ndani ya kikapu.

"Mtavaa asubuhi," akasema. "Mvua ikianza kunguruma, mnavua, mnakunja, mnatia ndani ya nailoni. Nitashika. Ikiwa imelowa, nitajua mliivaa kwenye mvua."

Yule mzee alishika kweli. Kila jioni alipapasa mikono ya sweta kama mtu anayenunua nguo sokoni. Na huku kwetu mvua haingoji masika, inakuja karibu kila alasiri, saa ya watoto kwenda nyumbani.

Shule nayo ikasikia kwamba watoto wanavua. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa huku, na mambo ya huku yalimchekesha.

"Sweta ni sare," akasema paredi. "Sare haivuliwi kwa sababu nyanya ya mtu ameota ndoto. Nitakayemwona njiani bila sweta, kesho asije na makalio anayoyapenda."

Watoto walicheka. Baada ya hapo, kukinguruma, alisimama getini na kiboko, mwavuli mkononi, akitutazama tukiteremka. Njia ilikuwa imenyooka, pembeni yake ni majani chai ya kufika magotini, hakuna pa kujificha. Ilipinda penye mkaratusi mmoja mrefu. Ukishaupita, au ukisimama nyuma yake, geti halikuoni, na njia nzima ni chini yake tu palipokuwa na kinga ya mvua.

Kwa hiyo Kerubo alikuwa na desturi yake. Anavaa mpaka kwenye mkaratusi. Hapo anajificha nyuma ya shina, anavua, anakunja vizuri, mkono juu ya mkono, anatia ndani ya nailoni. Mwalimu ameridhika, Magokoro ataridhika. Mimi sikuvua. Nilikuwa mvivu, na baridi ya kule si ya kuchezewa. Nilifika nyumbani sweta inachuruzika, nikatukanwa, nikala, nikalala.

Siku hiyo ngurumo ilianza kabla kengele haijalia. Tulipofika kwenye mkaratusi matone yalikuwa makubwa kama punje za mahindi.

"Ningoje nivue," Kerubo akasema.

"Vua ukitembea."

"Nikitembea italowa. Magokoro atashika."

"Na ashike! Atakula sweta?"

"Wewe umezoea matusi," akaniambia. Alikuwa akicheka, kichwa kikiwa bado ndani ya sweta, akiivuta. "Mimi sijazoea."

Sikumngoja. Nilikimbia, na nilikuwa nimefika penye daraja la magogo. Kukawa na mwanga mweupe, halafu nilikuwa nimekaa kwenye matope, masikio yamezibwa. Harufu ya mkaratusi ilijaa kila mahali, kama mtu amefungua dawa ya mafua. Nilirudi. Mti ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini. Kerubo alikuwa amelala kwenye mizizi, na sweta ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa nusu.

Watu hupenda kuniuliza kama nililia. Sikulia. Nilitazama ile sweta nikawaza kwamba sasa imelowa.

Jioni nyumba ilijaa. Wazee wa kanisa waliimba. Jirani mmoja alisema nyekundu imemwita, mwingine akasema hapana, hakuwa ameivaa, na yule wa kwanza akajibu kwamba mkononi au mwilini, nyekundu ni nyekundu. Mwalimu mkuu alikuja akasimama mlangoni, kofia kifuani. Akasema watoto wanafundishwa wasisimame chini ya mti. Kwa nini mtoto alisimama chini ya mti, hilo hakuliuliza.

Magokoro aliniita jikoni.

"Alikuwa ameivaa?"

"Alikuwa anavua."

"Na wewe?"

"Nimeivaa."

Alinitazama, mimi na wekundu wangu uliokuwa ukidondosha maji sakafuni. Nilingoja matusi. Alinivua sweta, akaikamua, akaitundika kwenye kamba juu ya mafiga. "Itakauka," akasema. Hakuishika tena kuona kama imelowa, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Muhula uliofuata shule ilibadilisha sweta, zikawa za kijani. Waliona wamefanya jambo. Mkaratusi ulikatwa kuni. Paa la shule lilibaki vilevile, mabati matupu, bila hata chuma kimoja cha kuipeleka radi ardhini.

Siku hizi naishi upande wa Itumbe, na mjukuu wangu Moraa anavaa sweta nyekundu. Juzi wazazi tuliitwa mkutano shuleni. Mama mmoja alisimama akasema rangi ile si nzuri, inavuta radi, ibadilishwe. Mwingine akamwambia huo ni ushenzi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nikasimama, nikauliza kama paa la shule lina chuma cha radi.

"Hilo, mama, tutaliweka kwenye mengineyo," mwenyekiti akasema.

Kabla ya kufika kwenye mengineyo mvua ilianza, na wote wakakimbilia nyumbani kwao, wa nyekundu na wa ushenzi pamoja.

Moraa alinikuta barazani pale shuleni, ameshatoa mkono mmoja kwenye sweta.

"Unafanya nini?"

"Wasichana wamesema nivue, Magokoro. Kunanguruma."

Nilimtazama. Sijui radi inapenda nini. Nilichokiona mimi ni mtoto mmoja aliyetii watu wawili wakubwa kwa wakati mmoja, na mahali pekee pa kuwatii wote wawili palikuwa chini ya mti ule. Mimi niliivaa kwa uvivu na baridi, si kwa kumtii hata mmoja wao, na ndimi niliyezeeka.

"Vaa," nikamwambia. "Kuna baridi. Na ukiwa njiani na mvua, usisimame, hata nikikuambia mimi."