Maji ya Mvua kwa Betri Sita

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo kila kitu nimejifunza nusu. Mambo ya betri nilijifunzia Kalengera, kwa dereva wa lori aliyenionyesha namna ya kufungua vifuniko na kuangalia kama maji yamefunika mabamba ya madini ya risasi yaliyo ndani. Nilikaa naye majuma matatu, nikachoka, nikashuka Goma nikijiita fundi.

Kituo kidogo cha afya huko Mapendo kikanipa betri sita za kutunza. Ndizo zilizoendesha frigo ya chanjo umeme ulipokatika, yaani karibu kila siku. Mama muuguzi mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha betri.

"Papa, batri zikikufa, chanjo inakufa," aliniambia. "Ni hiyo tu."

Miezi minne nilifanya vizuri. Kisha maji ya betri, yale safi ya chupa, yakakosekana madukani. Ningemwambia tu mama muuguzi. Badala yake nikafikiri: maji ya mvua hayajagusa udongo, hayana chumvi, basi ni yale yale. Nikakinga beseni chini ya bati, nikachuja kwa kitambaa, nikayaongeza katika betri zote sita. Hata kwa mlinzi wa kituo nilijisifu.

Baada ya majuma machache zikawa zinapata moto wakati wa kuchaji, na frigo ikazimika mapema. Mama akamwita muzee anayetengeneza betri sokoni. Muzee alinyonya maji kidogo kwa mpira, akayaangalia mlangoni penye mwanga.

"Maji ulitosha wapi?" akauliza nilikoyatoa.

"Ya mvua, muzee."

"Ya ku bati?" Akacheka kwa pua. "Weye ni mutu wa Goma ao uko mugeni? Mvua ya hapa inapita kwanza ku moshi ya volkano."

Nilijua. Nyumbani tuliosha sombe, majani ya muhogo, mara tatu kwa ajili ya majivu ya volkano hiyo, na bati lenyewe lilikuwa limetobolewa na mvua hiyo. Nilijua, na nikamimina.

Chanjo zikatupwa. Siku ya kuchanja, wamama walikuwa wamekwisha kupanga mstari, watoto mgongoni. Mama muuguzi hakunigombeza. Alinituma mimi nikawaambie.

"Turudiye siku gani, papa?" mmoja akauliza.

Nikasema Jumatatu, kwa sababu ilinibidi kusema kitu.

Jumatatu nilikuwa Rumangabo, mbali na Goma, nikitafuta kazi nyingine, na ufunguo wa chumba ungali mfukoni.