Paka Mweusi wa Chini ya Ngazi

Harufu ya mkaratusi ikinipitia hata leo, siku zile za kufungiwa hunirudia. Majira yale ya baridi, mtaani kwetu Auburn, huku ughaibuni, mama alichemsha majani yake kwenye sufuria la pilau, akatufunika blanketi mmoja mmoja tujifukize, maana baba, dereva wa lori la makontena bandarini Port Botany, alikuwa amepimwa akakutwa na korona. Tukaambiwa tusitie mguu nje siku kumi na nne. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na sisi watatu tulibanana kwenye vyumba viwili, tunasikiana hata tukimeza mate. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilichoshwa na kila kitu, baba kukohoa, mama kuniuliza kama nimekunywa tangawizi.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa chini ya ngazi, kando ya mapipa ya taka: paka mweusi asiye na mwenyewe, aliyezaa watoto wawili ndani ya boksi nililomwekea kabla hatujafungiwa. Mama alikuwa amenipa blanketi la sufu, lile la wageni, nimtandikie, kwa sababu kwao Tanga mgeni halazwi pabaya. Kumbe tulikuwa tunawaua. Mvua ilinyesha siku tatu, kisha ikaja baridi ya kugandisha umande, ndipo nikasoma mtandaoni kwamba blanketi hunywa maji na kumnyonya paka joto lote. Hutakiwa nyasi kavu. Kila asubuhi niliwasikiliza watoto wale kutoka roshani, na kila asubuhi sauti ilipungua. Nililia kwa hasira, mlango uko hatua tatu kutoka kitandani kwangu na siruhusiwi kuufungua.

Juu yetu aliishi Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, mhudumu wa wazee, aliyeamini kwamba paka mweusi hutumwa na wachawi. Mama yangu alinikataza kumsumbua. Mimi niliyezoea kujibu Kiswahili kwa Kiingereza, siku hiyo nilisimama roshani nikamwomba kwa Kiswahili changu kibovu awatolee paka lile blanketi, awatie nyasi kavu. Akachungulia chini kwenye mapipa.

“Mtoto, ile paka ni nyeusi,” akasema. “Lakini nashuka.”

Alikuwa na ndoo alizopandia sombe, kisamvu kwa Kiswahili chetu, akazifunika nyasi kavu zisiuawe na baridi. Akazifunua zote. Nilimsikia akiteremka huku akikemea mapepo kwa jina la Yesu, kisha nikamwona akilivuta blanketi kwa vidole viwili na kujaza nyasi, uso kaugeuzia ukutani. Mtoto mmoja alikuwa ameshakufa. Yule mwingine alipona, na mama yake. Sombe liliungua na baridi wiki ileile.

Siku hizi naendesha gari mpaka mtaa wa Cabramatta kununua samaki na hakuna polisi anayenisimamisha kuniuliza natoka wapi. Yule mtoto wa paka aliyepona analala kitandani kwangu, mnene, mvivu kupindukia. Mama Neema bado yuko juu yetu. Magoti yamemchosha, hashuki ovyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nilifundishwa hivyo tangu mdogo, na shukrani pekee niliyompa ni ile ya kupaza sauti kutoka roshani. Wakati ule nilifungiwa, nilikuwa na sababu. Ngazi ni kumi na nne tu, na sijawahi kuzipanda.