Maji ya Kumwogesha Dada

Kama kuna mtu aliyechoshwa na uvivu wa wenzake, ni yule dobi wa hospitali. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akifua mashuka kwa maji ya kuchemka, katika chumba chenye mvuke hadi mlango hauonekani. Tangu dada yake mkubwa apigwe na kiharusi, alipita kwake kila asubuhi ya siku za kazi kumwogesha kabla ya kwenda hospitalini. Alimsugua, akambadilisha nguo, akamnywesha uji, na yote hayo aliyafanya huku anaongea. Tenda wema uende zako, walisema wahenga. Yeye alitenda wema akakaa kuusimulia.

Aliyesimuliwa zaidi ni wifi yao, mke wa kaka yao, mwenye zamu ya Jumamosi na Jumapili.

"Anakuja saa nne, dada! Mgonjwa wa kuogeshwa saa nne! Maji anayabandika, halafu anakaa kupiga soga mpaka yapoe. Mimi sijisifu, lakini..."

Na hapo ndipo alipoanza kujisifu.

Jumapili moja katekista alifundisha habari za wazee wa kanisa la mwanzo, waliokwenda kukaa jangwani wapambane na nafsi zao, wakakuta kiburi wamekwenda nacho. Mtu anaweza kufunga, kukesha na kutoa sadaka, alisema, na bado asijijue hata kidogo. Dobi aliitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu, kisha akageuka kumtafuta wifi yake, ahakikishe maneno yamemwingia. Wifi alikuwa amesinzia. Jamani, mtu avumilie mpaka lini?

Kesho yake dada, ambaye maneno yalimtoka moja moja kwa shida, alimshika mkono.

"Mdogo wangu... mwache wifi... aniogeshe. Siku zote."

"Wifi? Huyuhuyu wifi? Wa maji baridi?"

Dada aliitikia kwa kichwa. Dobi alibandua sufuria, akaondoka bila kuaga. Shukrani ya punda ni mateke, alijiambia njia nzima. Kazini alikamua mashuka mpaka mwenzake akamuuliza anamnyonga nani.

Iliuma, wala hakujidanganya kwamba haikuuma. Mchana, akiwa ameinamia karai, alijikuta anapanga jinsi atakavyowaeleza wanajumuiya: nimemwogesha miezi mitano, na malipo yangu ndiyo haya. Alipanga hata mahali pa kunyamaza kidogo ili wamwonee huruma. Ndipo akashtuka. Dada yake alikuwa amelala na nusu ya mwili isiyosogea, na yeye kinachomtia uchungu ni kwamba ataishiwa la kusimulia. Alijiona vizuri, na hakupendezwa na alichokiona. Akamkasirikia katekista, maana lazima kuwe na mtu wa kulaumiwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda, wifi akiwa bado hajafika, bila shaka. Alimwomba dada akubali kuogeshwa naye siku hiyo moja tu. Safari hii aliuma midomo. Alichanganya maji, akayapima kwa mkono kama kawaida, mkono uleule unaoepua sufuria bila kitambaa, akaona ni ya uvuguvugu. Alipoinua kopo, dada alifumba macho na kukamata ukingo wa kiti kwa ule mkono wake mzima, kabla hata tone halijamgusa.

Dobi alishusha kopo. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza.

"Maji yakoje, dada?"

"Moto."

"Leo tu?"

"Tangu... siku ya kwanza."

"Miezi mitano! Dada yangu, si ungesema!"

Dada alilitafuta neno, akalipata polepole, bila hasira yoyote.

"Ulikuwa... unaongea."