Wiki Isiyo na Kengele

Wanafunzi walimwita Bi Mizani, nyuma ya mgongo wake na siku nyingine mbele yake. Alikuwa mwalimu wa ushauri, na kazi yake ilikuwa kuwapima vijana wa kidato cha mwisho: nani ameiva kwenda chuo, nani bado mbichi. Wala hakupima kwa maksi. Maksi, alisema, zinamsifu mtu anayejua kukaa alipokalishwa. Chuoni hakuna wa kukukalisha. Unafundishwa na mtu asiyejua jina lako, ukishinda na njaa ni shauri yako, ukilala mpaka jua la utosi dunia haina habari.

Kwa hiyo kila mwaka, shule ikishafungwa, aliwaweka vijana bwenini wiki nzima bila kengele. Aliwapa majiko madogo ya gesi, mchele, maharage na mayai. Mihadhara ilikuwa ukumbini na hakuna aliyeita majina. Waliojifunika gubigubi waliachwa na shuka zao. Mwisho wa wiki aliwaita wazazi na kutoa hukumu isiyotiwa sukari.

"Mama, mwanao ana akili ya kuendesha serikali, lakini yai limemshinda kuchemsha. Kaa naye mwaka mmoja zaidi."

Wazazi walitoka pale wamenywea kama kuku walionyeshewa.

Mwaka huu zamu ilimfikia mwenyewe. Kitinda mimba wake alikuwa miongoni mwa wanaopimwa, na chuo kilichompokea kilikuwa mbali, safari ya siku mbili. Chuo hicho hakimwekei mtu nafasi. Asipokwenda sasa, imekwenda. Bi Mizani alikuwa ameapa mbele ya wazazi wote kwamba atampima bintiye kwa jicho lile lile. Mkuki alioutumia kwa nguruwe wa watu sasa ulikuwa umegeuza ncha.

Ajabu ni kwamba mwaka huu hakuna aliyekosea. Siku ya tatu, ukumbi ulijaa kabla mhadhiri hajafika. Nyuso zimeoshwa, mashati yamenyooka, viatu vinang'aa hata unaweza kujitazama ndani yake. Hata yule kijana aliyewahi kusinzia amesimama alikuwa kiti cha mbele.

"Kizazi kimebadilika," mkuu wa shule alisema, kifua mbele.

"Kizazi hakibadiliki kati ya Jumatatu na Jumatano," Bi Mizani alijibu.

Alhamisi alfajiri alinyata hadi nyuma ya bweni la wasichana, akajibanza kwenye tangi la maji. Macho yalizoea kiza. Mwanamume alikuwa dirishani, mguu mmoja ndani, mwingine unaning'inia nje. Bi Mizani aliokota ufagio wa chelewa akamchapa pale palipobaki nje.

"Taratibu bwana, chai itamwagika."

Ufagio ulimponyoka. Sauti ile alikuwa amelala nayo kitanda kimoja miaka yote ya ndoa. Alikuwa mumewe, fundi cherehani, aliyeaga kwamba anawahi oda ya sare. Kwapani alibana chupa ya chai, na mkononi alishika pasi ya mkaa, makaa yanawaka.

"Baba watoto, unafanya nini hapa?"

"Namwamsha mtoto."

"Mtoto yupi? Ana miaka kumi na tisa."

"Kwani miaka inaamsha mtu?"

"Na angalau ungepanga foleni, mwalimu," sauti ilisema nyuma yake. "Sisi tumetangulia."

Aligeuka. Kutoka kwenye tundu la uzio mpaka ukutani, wazazi walikuwa wamejipanga kwa adabu ambayo hata benki haijawahi kuiona. Kulikuwa na babu mwenye ndoo ya maji ya moto. Kulikuwa na mjomba anayepiga viatu rangi. Mama wa yule wa yai alikuwepo pia, mara hii kwa ajili ya mtoto wa pili, na bakuli la mayai yaliyokwisha menywa.

"Huyu hataniaibisha," alisema. "Nimeyachemsha mwenyewe."

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mkuu wa shule. Alishika mswaki wa mwanawe, umeshapakwa dawa, na alikuwa akitazama juu kama mtu anayekagua paa.

Bi Mizani alikaa kwenye msingi wa tangi.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nampima nani?"

"Usijilaumu," mjomba alimtuliza. "Tundu lenyewe ni la zamani."

Dirisha lilifunguka vizuri zaidi. Bintiye alisimama pale, amevaa, amechana nywele, daftari mkononi.

"Mama, usimpige. Jumatatu nilimfungia dirisha, akakaa hapo chini akalia, pasi imewaka. Tangu hapo naamka mapema, navaa, halafu narudi kujifunika ili aniamshe."

Fundi alishuka dirishani, akaiweka chupa chini polepole.

"Ulikuwa macho?"

"Siku zote, baba."

"Na jana nilipokuimbia?"

"Niliusikia wote. Ubeti wa pili umeusahau."

Fundi alimgeukia mkewe, akanong'ona kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia: "Sema hajaiva. Mwaka mmoja tu, mama watoto. Nani atakulaumu?"

Na hapo ndipo Bi Mizani aliposhtuka kweli. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu kama pipi. Alijua halikuingia leo. Tangu siku binti alipopokewa chuoni, alikuwa akimtafutia kasoro: kikombe kisichooshwa, taa isiyozimwa. Alikuja pale alfajiri akiomba kimoyomoyo amkute amelala.

Alilimeza.

"Ameiva," alisema. "Aende."

"Asante, mama. Nachelewa," binti alisema, akafunga dirisha, na komeo likalia.

Foleni ilijikohoza. "Na wetu, mwalimu?" mama wa mayai aliuliza.

"Wenu siwajui. Nimewaona ninyi tu. Jumatatu tunaanza upya, na uzio unazibwa leo."

Mkuu wa shule alitumbukiza mswaki mfukoni, na dawa yake yote. Bi Mizani alimshika mumewe kiwiko, akamwongoza kuelekea kwenye tundu. Fundi alitembea akiangalia nyuma.

"Huko chuoni," aliuliza, "madirisha yao yako juu sana?"

"Nyamaza, uinamishe kichwa," mkewe alisema, akamshikia waya apite.