Kioo cha Saluni Kwenye Chumba cha Upasuaji

Biashara zilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kugombea mizigo ya wakulima, mimi nilifungua saluni Bariadi. Kioo changu kilitoka Mwanza juu ya lori, kimefungwa kwa magodoro, kirefu kunizidi. Nilikipenda kuliko wanaume wawili niliokuwa nimeshawafukuza.

Mchana mmoja kaka yangu aliingia saluni mbio, jasho linamtoka. Mkewe alikuwa amelazwa tangu asubuhi, mtoto amekataa kutoka, na daktari ameamua kumpasua. Mkanda wa jenereta la hospitali umekatika. Ile taa kubwa ya chumba cha upasuaji, pana kama ungo, inaning'inia bure juu ya meza. Daktari kasema jua limejaa uani ila haliingii ndani. Akipata kioo kikubwa cha kulirudishia dirishani, ataanza kazi. Tena upesi.

Wifi huyo alikuwa akiita saluni yangu pango la wahuni, na nilikuwa nimemnunia miezi mingi. Hata hivyo nilishika upande mmoja wa kioo, kaka upande wa pili, tukatoka. Mteja wangu, mke wa mnunuzi wa pamba, ndiyo kwanza nilikuwa nimempaka dawa ya kunyoosha nywele. Akatufuata na taulo shingoni, akiuliza nani atamwosha.

Uani mwa hospitali tulisimamisha kioo juu ya benchi. Kaka alikishika kwanza, lakini mikono ilimtetemeka mpaka mwanga ukacheza ngoma ya bugobogobo ukutani. Daktari akaita kutoka ndani kwamba anataka mwanga, hataki ngoma. Nikamwondoa kaka, nikasimama nyuma ya kioo nikakishika mwenyewe.

Tatizo la pili likawa watu. Bariadi ya siku zile hakuna aliyepita mbele ya kioo kirefu bila kujitazama. Wagonjwa, wauza karanga, hata mlinzi, wote walijipanga kurekebisha kola, na kila aliyejitazama alimzibia wifi yangu jua. Niliwatukana bila kuchagua. Mteja wangu, kichwa kimeanza kumwaka moto, akawafukuza kwa taulo.

Halafu akafika baba yake wifi, mzee wa kijiji cha Nkoma, kwa baiskeli. Akanisalimia kwa salamu ya mchana ya Kisukuma, "Mwadila." Mimi nimelelewa kwamba mzee akikusalimu, unakunja magoti. Nikakunja. Kioo kikainama nami, mwanga ukatoka tumboni kwa bintiye ukaenda kwenye viatu vya daktari. Sijawahi kusikia msomi akinguruma vile.

Mzee alielewa haraka kuliko sisi sote.

"Simama tu," akasema. "Leo nisalimie kwa mdomo."

Nikasimama. Jua lilisogea, nami nikasogea nalo kidogo kidogo, muuguzi akinielekeza dirishani: juu, kushoto, hapo hapo. Niliogopa. Niliogopa wifi angekufa nikiwa bado nimemnunia, na kwamba kitakachomuua ni mkono wangu kuchoka.

Mtoto akalia. Uwanja mzima ukakimbilia dirishani, mlinzi mbele, nikapiga kelele wasizibe, wakabana ukutani. Muuguzi akamwinua wamwone. Wote walimwona isipokuwa mimi. Mbele yangu kulikuwa na ubao wa mgongo wa kioo, na daktari bado alikuwa anashona. Nikauliza anafanana na nani. Wakabishana, mpaka mzee akaamua kwamba ni wa kike na ana paji langu la uso, Mungu amsaidie. Nikauliza, na mama yake je? Muuguzi akasema anapumua vizuri, nishikilie tu.

Hapo nikaanza kulia. Makamasi yalinitoka na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mteja wangu alirudi kutoka bombani alikokwenda kujiosha dawa, kichwa kinachuruzika maji, nywele za upande mmoja zimebaki kwenye taulo. Nilijua atanitukana, na haki angekuwa nayo. Alitafuta upande safi wa lile taulo, akanifuta uso, kisha akashika kona moja ya kioo.